Judo, Vidonge na Mama Mkwe

Kama una kikohozi kilichozidi wiki mbili na wewe umeshakipa jina, umekiita vumbi, umekiita baridi, umekiita moshi wa jikoni, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Cha kwangu mimi nilikiita pumba.

Naitwa Modesta. Nakaa Makanyagio, hapa Mpanda mjini, na mume wangu Masanja ambaye anaendesha bodaboda, binti yetu Pendo wa miaka mitatu, na mama mkwe wangu. Yeye ni Msukuma, alikuja huku na mifugo yao zamani, na sisi wote tunamwita Mayu, yaani mama kwa kwao. Asubuhi nachoma chapati mbele ya nyumba. Jioni nadaka mipira, kwa sababu mimi ni kipa wa timu ya wanawake.

Timu yetu ilikuwa na ugonjwa wake kabla mimi sijapata wa kwangu. Tulikuwa tunaogopa kuanguka. Mshambuliaji wetu alivunjika mfupa wa bega kwenye mechi moja, na kuanzia siku ile kila mtu akawa anacheza kwa kujihurumia. Mpira wa juu ukija, mabeki wanasogea pembeni kama wanampisha mkwe. Na mimi golini nilikuwa naruka nusu, mkono unataka lakini mwili unakataa.

Siku moja mtu mmoja kutoka Katumba alikuja mjini kuuza mahindi, akasimama kutuangalia tukifungwa. Alikuwa baba wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa tumbaku, shingo nene, mpole kupita kiasi. Mechi ilipoisha alimfuata kocha wetu, Dada Oliva, akamwambia:

"Kocha, mabinti wako wanajua kucheza. Ila hawajui kuanguka. Na mtu anayeogopa chini hawezi kwenda juu."

Alikuwa Mwalimu Nestori. Judo alifundishwa na baba yake mdogo tangu ujana wake, na kule Katumba aliwahi kufundisha vijana wengi. Dada Oliva hakumwachia. Jumamosi iliyofuata Nestori akaja na pikipiki, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza.

Mikeka ya judo hatukuwa nayo. Tulikwenda kwenye mashine za kukoboa mpunga, tukaomba pumba, tukajaza kwenye magunia, tukayashona na kuyapanga chini kwenye banda karibu na uwanja wa shule. Huo ndio ukawa mkeka wetu. Kila tulipojiangusha, pumba zilipumua vumbi puu! Tulikuwa tunatoka pale weupe kama watu waliolala kwenye kiwanda cha unga.

Nilipenda mafunzo yale kuliko nilivyotegemea. Mwalimu Nestori alitufundisha kukunja kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini. Alitufundisha kupiga ardhi kwa mkono mzima, sio kuikinga kwa kiganja, na kubiringika juu ya bega hadi unasimama. Juu ya yote alitufundisha kutoa pumzi wakati wa kuanguka. "Ukibana pumzi unakuwa jiwe," alisema. "Jiwe linavunjika. Toa pumzi, uwe gunia." Alikuwa anapenda kusema "buhoro, buhoro," Kirundi cha polepole, na sisi tukaanza kuitana hivyo hivyo hata mitaani. Wiki ya tatu beki wetu wa kati, ambaye alikuwa anaogopa hata kupiga kichwa, alimbeba mshambuliaji mmoja begani akamlaza chini taratibu kama mtoto. Tulicheka mpaka Dada Oliva akapuliza filimbi.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanza kukohoa.

Nikasema ni pumba. Nani angebisha? Wote tulikuwa tunakohoa kidogo pale bandani. Lakini wenzangu walifika nyumbani wakaoga, kikaisha. Changu kiliendelea Jumapili, kikaendelea Jumatatu, kikaenda na mimi kanisani, kikafika hadi mwisho wa mwaka. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni. Usiku nilikuwa naamka shuka limelowa, na Masanja akisema ni joto, na mimi nikasema ndiyo, ni joto. Chapati nilizokuwa nachoma mwenyewe zikawa zinanitia kichefuchefu.

Jumamosi moja nilikohoa golini, nikaziba mdomo kwa glovu, na nilipoitoa kulikuwa na damu. Ilikuwa kidogo, kama punje mbili za maharage. Nikageuza glovu, nikaifuta kwenye nyasi. Sikumwambia mtu. Naandika jambo hili kwa aibu, maana siku zote zile nilikuwa nakohoa mbele ya wenzangu kumi na wanane na mtoto wangu mwenyewe. Niliogopa kuambiwa nipumzike, na tulikuwa tumeanza kushinda.

Jumamosi iliyofuata niliangushwa na yule beki, nikaanguka vizuri kabisa, kidevu kifuani, mkono chini, kila kitu. Ila sikuweza kuamka. Nilikuwa natafuta hewa naikosa. Mwalimu Nestori alipiga magoti karibu yangu.

"Umekohoa tangu lini, binti yangu?"

"Ni pumba, Mwalimu."

"Pumba nazijua. Usiku unatoka jasho?"

Nikafuta vumbi la pumba usoni.

"Damu?"

Nikaanza kulia. Akasema, "Basi judo imeisha kwa leo. Kocha, mwite mume wake."

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba kimoja kilicho mwisho kabisa wa jengo, madirisha yote wazi, barakoa usoni, kikopo cha makohozi mkononi. Kikopo kile ukikishika mara ya kwanza hujui uangalie wapi. Karibu yangu alikaa mzee mfugaji na fimbo yake, ameshika kikopo chake kama mtu aliyeshika kikombe cha chai.

"Mgeni?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Usiogope. Mimi niko mwezi wa nne wa dawa. Nilikuja hapa nimebebwa, leo nimekuja kwa miguu. Wewe kazi yako nini?"

"Mimi ni kipa."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na wakati huo nilikuwa nimebaki mifupa na macho. Akasema kwa heshima kubwa, "Basi goli lenu lina nafasi." Nilicheka, nikakohoa, yeye akacheka, akakohoa, na watu wote wa benchi wakafuata. Kuanzia siku ile alikuwa ananiita Kipa.

Kesho yake majibu yakatoka. Kifua kikuu. Nesi Tumaini alinieleza bila haraka. Dawa ni miezi sita, kila siku, asubuhi, bila kuruka hata moja. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, nisishtuke. Nitajisikia vizuri mapema, nisidanganyike nikaacha. Akanipima uzito: kilo arobaini na sita. Mimi niliyekuwa na sitini na moja. Na watu wote wa nyumbani, pamoja na timu nzima, waje wapimwe.

Masanja alinichukua kunirudisha nyumbani. Barabara ilikuwa matope, akaendesha kama amebeba mayai. Tulipofika mlangoni alizima pikipiki, akasema bila kugeuka, "Miezi sita ni nini? Mimba ni miezi tisa na uliiweza." Halafu nikaona mabega yake yanatikisika.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu, na dawa haikuwa sababu kubwa. Vidonge vitatu kila alfajiri nilivizoea. Mkojo wa chungwa ulinishtua pamoja na kwamba niliambiwa, nikamwita Masanja aje aone, akasema angalau nimepata rangi ya jezi ya timu. Magoti yaliuma kama ya bibi kizee. Ila kilichonikondesha zaidi ni nyumbani.

Mayu alinitengea sahani. Alitenga kikombe, kijiko, hata beseni, akavifunga uzi mwekundu visije vikachanganyika. Pendo akahamishiwa kulala na bibi yake. Mtoto alikuwa akiniona anakimbilia kwangu, na Mayu anamdaka njiani kwa mkono mmoja kama mimi ninavyodaka mpira. Sikuweza kumlaumu, alikuwa anamlinda mjukuu. Lakini nilikula peke yangu nje, ukutani, nikiwasikia wanacheka ndani. Wateja wa chapati wakapata njia nyingine ya kupita.

Kwenye timu nako hali ilikuwa mbaya. Dada Oliva alikuja, akakaa mbali kidogo, na aliponiuliza kuhusu damu nikamwambia ukweli. Alinigombeza kwa sauti yake yote.

"Nyie makipa mnafikiri goli likiachwa dakika moja dunia itaisha? Ungetufia pale!"

Kisha akalia, akaondoka, na siku mbili baadaye akawapeleka wachezaji wote kupimwa, yeye akiwa wa kwanza kwenye foleni, Mwalimu Nestori wa pili. Wote wakatoka salama. Hata hivyo mama wawili waliwakataza mabinti zao kurudi mazoezini, na banda likabaki tupu wiki tatu.

Nyumbani waliopimwa ni Masanja na Pendo. Masanja salama. Pendo salama, akapewa dawa za kumkinga, ambazo alizipenda kwa sababu nilimwambia ni za makipa. Aliyebaki ni Mayu, na Mayu alikataa.

"Mimi kikohozi changu ni cha moshi. Nimeolewa nacho, nimezaa nacho, nitazikwa nacho."

Kweli alikuwa anakohoa. Nilimkuta anakohoa siku niliyoletwa pale kama mke, na kwa miaka yote ile kikohozi chake kilikuwa kama mlio wa mlango, ukishauzoea husikii. Nesi Tumaini alikuja nyumbani, akaeleza kwamba sahani haziambukizi, kinachoambukiza ni hewa tunayokohoa, na kwamba mimi baada ya wiki kadhaa za dawa sitakuwa hatari kwa mtu. Mayu akamsikiliza kwa adabu, akamkaribisha maji, akakataa.

Masanja hajawahi kumjibu mama yake. Siku ile aliinama mbele yake, akashika miguu yake.

"Mayu, nimebeba watu wengi sana kuwapeleka hospitali. Wengine nimewafikisha wamechelewa. Kesho naomba nikubebe wewe."

Mayu alimshika bega akamwinua. Kisha akasema, "Unaendesha vibaya. Twende polepole."

Walirudi siku ya pili na majibu. Mayu alikuwa na kifua kikuu, na inawezekana kabisa alikuwa nacho kabla yangu. Hakuna aliyesema nani alimwambukiza nani. Lakini yeye alijua tunachofikiri, na mimi nilijua anachofikiri. Aliingia ndani, akafunga mlango. Nilimsikia analia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye msiba wa mumewe.

Mchana alitoka akiwa na ile sahani yangu mkononi. Alikaa chini ukutani, mahali ninapokula mimi, akaanza kuufungua uzi kwa meno. Ulikuwa umekaza, akahangaika nao. Akapakua ugali na mgebuka, yule samaki wa ziwani kule Karema ninayempenda, akaweka katikati yetu.

"Ng'wana wane," akasema, mwanangu, "nilikutenga kwa ugonjwa ninaoulea mwenyewe. Kula. Na ukiona naona aibu, nenda ukaangalie pembeni."

"Mayu, na mimi nilificha damu. Sote wawili ni wajinga."

"Wewe zaidi," akasema, na tukala.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na wagonjwa wawili na furaha ambayo sijui niielezeje. Alfajiri alikuwa anagonga mlango wangu. Mimi namsimamia yeye ameze, yeye ananisimamia mimi nimeze, tunaweka alama kwenye kadi. Yeye kusoma hajui, lakini visanduku vya kadi alivijua kuliko mtu yeyote, na ole wako uweke alama nje ya mstari. Jumatano za kliniki tulipanda pikipiki moja, yeye katikati akimfokea Masanja kila shimo. Kwenye benchi alimkuta yule mzee mfugaji, wakaanza kuulizana koo na mifugo kwa Kisukuma, na mara mbili Nesi Tumaini aliita jina lake asisikie.

Mwisho wa mwezi wa pili wa dawa walipima tena makohozi yangu. Wadudu hawaonekani. Nilipofika nyumbani nilimkumbatia Pendo mpaka akalalamika.

Halafu ikaja njaa. Watu hawakuambii habari za njaa hii. Mpunga ulikuwa unavunwa, mama yangu mzazi kule Mpimbwe akatuma mchele mpya, ule unaonukia chungu kikiwa bado kimefunikwa. Nilikula wali asubuhi, nikala mchana, nikasimama dirishani kuangalia kama jirani naye kapika. Mayu alikuwa hivyo hivyo. Masanja akawa anakula haraka haraka kwa kutuogopa. Kilo hamsini. Hamsini na tatu. Siku sketi yangu ya kanisani ilipokataa kufunga, nilipiga kigelegele mwenyewe chumbani.

Mvua zilipokatika, Mwalimu Nestori alikuja nyumbani. Alikuwa amemaliza kukausha tumbaku yake, mikono bado inanukia. Nesi alikuwa ameshaniruhusu mazoezi madogo. Nilimwambia Mwalimu kwamba ninaogopa, kwamba kifua changu sikiamini tena, nikipanda ngazi tatu nasimama.

"Hatutapanda ngazi," akasema. "Tutashuka tu. Buhoro."

Magunia yale tulikuwa tumeyatoa bandani, tumeyatandika nje kwenye upepo, na mapya tulikuwa tumeyafunga vizuri na turubai juu ili vumbi lisitoke. Siku ya kwanza nilikaa chini nikajilaza nyuma, mara tano, nikitoa pumzi. Basi, nikarudi nyumbani. Siku ya pili mara nane. Wiki iliyofuata kwa kuchuchumaa. Alikuwa ananihesabia pumzi, sio mianguko. Nilitoa pumzi fupi, ikawa ndefu kidogo, ikawa ndefu. Wenzangu walikuja mmoja mmoja kukaa pembeni, na Jumamosi moja wale mabinti wawili waliokatazwa nao wakatokea, na mama zao nyuma wakija kuhakikisha.

Mayu alikuwa anakuja pia, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Siku moja akasimama, akajifunga khanga kiunoni vizuri.

"Mwalimu, mimi mzee nikianguka chooni nani atanidaka? Nifundishe."

Mwalimu Nestori hakucheka. Alimshika mkono kwa heshima, akamkalisha, akamwonyesha kidevu, akamwonyesha mkono. Mayu akajilaza nyuma, akapiga turubai pa! na kutoa pumzi kwa sauti kubwa mpaka kuku wakakimbia. Akabaki amelala pale akiangalia mbingu.

"Kumbe chini sio mbali hivyo," akasema.

Tulimshangilia kama amefunga goli.

Kidonge changu cha mwisho nilikimeza mwezi wa saba, kipindi cha baridi na vumbi, nyasi za huku zikiwa zimeungua. Cha Mayu kilifuata wiki nne baadaye. Siku yake alivaa gauni la sikukuu kumezea.

Naambiwa nitoe ushauri, na mimi sio daktari. Nitasema machache niliyoyaona. Nenda kapime. Ukiogopa, nenda ukiwa unaogopa, benchi linapokea watu wa namna zote. Usiache dawa siku utakapojisikia mzima, maana siku hiyo itakuja mapema na itakudanganya. Fungua madirisha. Waambie watu wako mapema, hata wakikasirika. Hasira yao itapoa kabla ya dozi kuisha. Na kama kuna mtu nyumbani mwenye kikohozi mlichokizoea, msikilizeni upya.

Mwezi wa nane tulicheza na timu ya Kakese. Dada Oliva aliniweka benchi kipindi cha kwanza, na nilimwelewa. Kipindi cha pili akaniambia, "Ingia. Ukichoka, nyoosha mkono, usijifanye shujaa." Tulikuwa sare, bao moja kwa moja.

Dakika za mwisho wakapata kona. Mpira ukaja juu, katikati ya watu, na mshambuliaji wao, msichana mrefu mwenye mabega mapana, akaupandia. Nikapanda na mimi. Nilipanda mwili mzima. Tukagongana hewani, nikahisi mpira umekaa mikononi, kisha nikawa nashuka kwa mgongo. Sikufikiria kitu. Kidevu kilikwenda kifuani, pumzi ikatoka yenyewe, bega likabiringika, na nikajikuta nimesimama na mpira kifuani, vumbi limetanda, na watu wa uwanja wote wamesimama wakisubiri kuona kama niko mzima.

Nikavuta hewa. Ikaingia. Ikaenda mpaka chini kabisa, sehemu ambazo nilishazisahau.

Mechi iliisha kwa sare ile ile. Wenzangu walikuwa wanakumbatiana, Mwalimu Nestori ameshika kofia kwa mikono miwili, Masanja anapiga honi ya pikipiki bila kuacha. Mimi sikutaka kusimama. Nikaanza kukimbia taratibu kuuzunguka uwanja, peke yangu, na glovu zangu mkononi, Pendo akinipungia kutoka mabegani kwa baba yake. Nilipofika walipokaa, Mayu alinisimamisha kwa mkono.

"Umechoka?"

"Hapana, Mayu."

"Basi zunguka tena. Sijashiba kukuangalia."

Nikazunguka tena.